Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya mafuta: Lokichar tungali na kiu

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Lokichar, Turkana Kusini. Natumai wewe na jamaa zako hamjambo. Mimi sijambo kidogo tu.

Alhamisi iliyopita msafara wako ulipita kwetu. Nilihesabu magari kumi na moja, vioo vyote vimefungwa. Mama yangu alikuwa kando ya barabara na mtungi wake wa lita 20, ameketi juu ya jiwe tangu alfajiri akingoja lori la maji ambalo halikuja. Aliposikia ngurumo alisimama, akapunga mkono. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, msimlaumu. Vumbi lenu lilimfunika hadi kwenye kope.

Ndiyo sababu naandika.

Machi 2012, Rais Kibaki alipotangaza kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia-1, huku tulichinja mbuzi. Vikafuata visima vya Twiga, Etuko, Ekales. Tulicheka, maana kwetu etuko ni punda milia na ekales ni mbuni. Wanyama wakapewa heshima kwenye ramani, mifugo wetu wakapewa ua wa waya wauzunguke wakitafuta malisho.

Nami sikutaka kuachwa nyuma. Niliuza mbuzi 40 na ngamia mmoja, nikaongezea mkopo, nikanunua pikapu ya kukodisha kwa wakandarasi. Siku hizo kila kitu kilipanda bei: kodi ya chumba, unga, hata kikombe cha chai. 2018 malori yakaanza kupeleka mafuta Mombasa, yakiwa na matangi ya kutunza joto, kwa kuwa mafuta yetu yakipoa huganda kama samli. Agosti 2019 yakapakiwa melini mapipa 200,000, tukaambiwa Kenya nayo sasa inauza mafuta nje. 2020 malori yakasimama. Wengine husema ni korona, wengine bei ya dunia. Mimi naamini mlituchoka. Pikapu ilikwenda na madalali. Bei za dukani, hizo hazikwenda popote.

Sheria ya Petroli ya 2019 inasema katika mgao wa faida unaopata serikali, asilimia 20 ni ya kaunti na 5 ni ya jamii ya mahali. Naijua kama wimbo wa shule. Mbuzi watano kati ya mia naweza kukuonyesha. Hii 5 yenu sijaiona hata vumbi lake. Mwaka 2025 tukasikia visima vimeuzwa kwa kampuni nyingine, dola milioni 120 zikatajwa. Je, sisi tuliuzwa pamoja navyo, au tulibaki?

Mbuzi wakiharibu mimba, wazee hunyooshea kidole mashimo ya taka za uchimbaji. Sina maabara, siwezi kuapa. Lakini nani amewahi kupima maji ya laga, ule mto wetu wa msimu, akarudi na majibu? Tangi la plastiki tulilowekewa enzi za neema, nyuki wamehamia ndani.

Nilikuwa nimeandika mengi: barabara, kazi za vijana, ile 5. Nimeyafuta. Lete lori la maji, Mheshimiwa. Lori moja, Jumatatu. Na dereva aambiwe asimame: kuna mama juu ya jiwe, upande wa kushoto ukitoka Lodwar.

Ni mimi,
aliyekuwa na pikapu