Mirabaha ya Sister Nancy iwazindue wasanii wetu walio ughaibuni

Mhariri,

Kurasa za burudani humpima msanii wa dancehall, muziki wa Jamaika wa kughani juu ya mdundo, anayeishi nje ya Jamaika kwa umati anaoujaza ukumbini, na ni nadra kueleza nani anamiliki nyimbo zilizoujaza ukumbi huo. Naomba nafasi nilizungumzie hilo kupitia maisha ya mghani wa dancehall Sister Nancy, ambaye jina lake halisi ni Ophlin Russell, mzaliwa wa Kingston mwaka 1962.

Mama huyu alianza kughani akiwa binti mdogo katika madisko ya mitaani, akifuata nyayo za kaka yake, Brigadier Jerry, wakati ambapo kipaza sauti kilishikwa na wanaume karibu peke yao. Mwaka 1982 ilitoka albamu yake ya One, Two, iliyotayarishwa na Winston Riley. Ilipopungukiwa wimbo mmoja, alighani papo kwa papo juu ya mdundo wa Stalag, uliokuwapo tangu miaka ya sabini, na ndipo ukapatikana wimbo wa Bam Bam, ambao wapenzi wengi wa reggae, wa Nairobi na Dar es Salaam wakiwamo, huutambua mara tu unapoanza.

Mwaka 1996 alihamia New Jersey, Marekani, akaajiriwa benki. Wakati akiendelea na ajira hiyo, sauti yake iliingizwa katika filamu ya Belly ya mwaka 1998, na baadaye katika tangazo la viatu vya Reebok, naye kwa zaidi ya miaka 30 hakuwa amelipwa mrabaha wowote, yaani malipo ya matumizi ya wimbo wake. Tangazo hilo la mwaka 2014 ndilo lililomfanya atafute wakili, akapata nusu ya haki za albamu pamoja na malimbikizo ya miaka 10 tu. Msanii wa rap wa Marekani, Kanye West, alipotumia sehemu ya wimbo huo mwaka 2016, angalau Sister Nancy alikuwa na chake.

Sikubaliani na wanaousimulia mkasa huu kama ushindi, kwa kuwa fedha za miaka zaidi ya 20 ya mwanzo, ambayo ndiyo miaka ya ujana wake na ya kulea, hazikurudi. Jamaika ilikuwa bado inatumia sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911 hadi ilipotunga yake mwaka 1993, na kijana aliyeingia studio bila mkataba wa maandishi hakuwa na cha kuonyesha mbele ya mtayarishaji aliyeshika kanda ya kurekodia.

Sisi sheria tunazo: Tanzania ile ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoleta COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki, na Kenya ile ya mwaka 2001. Hata hivyo, kijana wetu aliyeko London au Minneapolis, anayejitegemea bila meneja wala kampuni, akighani juu ya biti aliyotumiwa kwa simu na mtayarishaji aliyeelewana naye kwa mdomo tu, yuko palepale alipokuwa Sister Nancy mwaka 1982, na umbali unamzidishia gharama za kudai.

Ninachokuomba, Mhariri, ni kwamba ukurasa wako wa burudani utenge nafasi, japo mara moja kwa mwezi, ambapo mwanasheria wa hakimiliki atawafafanulia wasanii hawa mgawanyo wa umiliki kati ya mghani na mwenye mdundo, muda wa mkataba, na namna ya kusajili wimbo nyumbani na kule wanakoishi kabla haujatoka.

Mpenzi wa reggae,
Tanga