Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Uingereza: chapa za vyombo vya fedha zipigwe picha

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu, ninakuandikia kuhusu madaftari mawili yaliyopotea London, na njia iliyo ndani ya uwezo wako ya kurudisha sehemu kubwa ya yale yaliyokuwamo.

Sote tunaotafuta asili ya masonara wa kale wa Uingereza tunaujua upungufu huu. Tangu 1697, madaftari ya Goldsmiths' Hall, makao ya chama cha masonara wa London, yanaonyesha chapa (alama ndogo inayogongwa kwenye chombo) ya kila sonara aliyejiandikisha, jina lake, tarehe, na mahali alipofanyia kazi. Kwa msaada wake, herufi mbili zilizogongwa chini ya birika huwa mtu mwenye jina na mtaa. Lakini daftari la masonara wa vyombo vidogo la 1739 hadi 1758 halipo. La masonara wa vyombo vikubwa, linaloanzia 1758 na kuishia 1773, nalo halipo. Mwaka huo wa 1773 kamati ya Bunge ilipata orodha ya masonara waliokuwa kazini, majina na mahali walipo, ila bila chapa zao. Hivyo kwa kipindi hicho tuna majina yasiyo na chapa, na kabatini tuna vinara, sinia na vijiko vyenye chapa zisizo na majina.

Hata hivyo vyombo vyenyewe vina mengi ya kusema. Kichwa cha chui kinaonyesha kuwa chombo kilipimwa London. Simba anayetembea ni ushahidi kwamba madini yake ni sterling, sehemu 925 za fedha safi katika kila 1,000. Kisha kuna herufi ya mwaka, ambayo London iliibadilisha kila mwaka katika mizunguko ya herufi 20. Kwa hiyo hata tusipomjua aliyekileta chombo kupimwa, mwaka wake tunaujua. Tukiziweka pamoja picha za chapa zote zenye herufi zilezile, tukazipanga kwa miaka, tofauti zitajitokeza: umbo la fremu, nukta kati ya herufi, mkia wa herufi moja. Chuma cha kugongea kikipata ufa, ufa huo huonekana kwenye kila chombo kilichogongwa baadaye. Kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja mwenye lenzi mkononi, kwa sababu vyombo vimetawanyika. Inahitaji agizo lako.

Chapa peke yake haimalizi safari. Asili ya familia imo katika madaftari ya wanagenzi, ambamo chama cha masonara kiliandika jina la baba wa kijana, kazi yake na alikotoka. Serikali nayo ilianza kutoza kodi mikataba ya uanagenzi mwaka 1710, na madaftari ya kodi hiyo yamehifadhiwa Kew, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Hadi 1752 yanataja wazazi wa mwanagenzi. Baada ya hapo ni nadra. Ninayapenda mno madaftari haya, kwani ndimo mtoto wa mkulima anapoonekana akiingia mjini.

Mfikirie Paul de Lamerie, sonara wa London. Alizaliwa 's-Hertogenbosch, Uholanzi, mwaka 1688, wazazi wake wakiwa Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Kifaransa, waliokimbia Ufaransa, akaletwa London angali mchanga. Mwaka 1703 aliwekwa kwa Pierre Platel, Mhuguenoti mwenzake, ajifunze kazi. Chapa yake ya kwanza ilikuwa LA, kwa sababu sheria iliyoanza 1697 ilidai herufi mbili za mwanzo za jina la ukoo. Atakayetafuta PL kwenye kazi zake za mwanzo hatampata. Na bila daftari la uanagenzi, uhusiano wake na Platel tungeubahatisha kwa kutazama mitindo tu.

Au Hester Bateman, naye sonara wa London. Mumewe John, mtengeneza minyororo, alifariki 1760 akamwachia vifaa vya kazi, naye mwaka uliofuata akaandikisha chapa yake, HB. Wanawe Peter na Jonathan walimfuata. Jonathan alipofariki 1791, mjane wake Ann aliandikisha chapa pamoja na Peter, na baadaye William, mwana wa Ann, akaingia. Mlolongo huu wa chapa ni ukoo mzima. Ni wajane wangapi wengine waliobaki herufi tupu? Nakubali kwamba chapa humtaja aliyewajibika kwa chombo, si lazima mikono iliyokifua, na lebo za makumbusho zingefaa kuliweka hilo wazi.

Ninachoomba ni hiki. Kila makumbusho yanayopokea fedha za umma yatakiwe kupiga picha za karibu za chapa zote za vyombo vyao vya fedha, hata zilizofutika nusu, na kuziweka wazi kwa yeyote bila malipo, pamoja na kipimo cha chapa na herufi ya mwaka. Picha hizo ziunganishwe na madaftari ya Kew, ili anayefuata chapa afike kwa mwanagenzi, na anayefuata ukoo afike kwenye chombo. Zitengwe fedha za wapigapicha na wasomaji wa miandiko ya kale, maana makumbusho madogo hayana watu hao.

Ikiwa bajeti hairuhusu yote kwa mara moja, naomba waanze na vyombo vikubwa vya London vya 1758 hadi 1773.

Wako mwaminifu,
Mtafiti wa chapa za masonara