Waliokwama katikati ya Kiingereza nao wakumbukwe

Ndugu mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti letu. Naomba nafasi niseme jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu, mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa watu wazima na kilio changu ni kuhusu wanafunzi wa katikati, wale ambao sio waanziaji tena lakini bado hawajafika. Waanziaji wana vitabu vya kila aina, wana video, wana apu zinazowapongeza kila wakigusa neno sahihi. Waliobobea wanajisomea wenyewe chochote wanachotaka. Huyu wa katikati ndo yatima. Anajua kusalimia, anajitambulisha, anasema jana alienda wapi, alafu ukimwambia akueleze kwa Kiingereza kwa nini laptopu yake haiwaki anakwama palepale.

Baraza la Ulaya lilitoa mwaka 2001 mfumo wa kupima lugha ambao siku hizi unatumika sehemu nyingi duniani, una ngazi 6 kuanzia A1 mpaka C2, na hapo katikati ndo kuna B1 na B2. Ukisoma maelezo yake ya B1 hukuti mtu anaambiwa ajue maneno elfu ngapi, wanachotaka ni aweze kusimulia tukio, na atoe sababu fupi za maoni yake na mipango yake. Kusimulia na kutoa sababu, basi. Sasa mi najiuliza, ni kitu gani ambacho mtu yeyote leo, kijana au mzee, ana cha kusimulia na cha kulalamikia kila siku? Ni simu yake. Ni kompyuta ya kazini, printa inayokwama, paswedi iliyosahaulika, betri inayoisha kabla ya jioni, meseji iliyoenda kwa mtu asiyehusika. Hapo huhitaji kumlazimisha mtu aongee, maneno yanamjaa mdomoni mwenyewe.

Tatizo ni vile mada hii inavyofundishwa. Unakuta picha ya kompyuta yenye mishale, hii ni "keyboard", hii ni "screen", hii ni "charger", mwanafunzi anakariri anapata alama zote na kesho yake hawezi kusema sentensi moja. Na kwa kweli majina hayo alishayajua hata kabla ya kuja darasani, si anasema kibodi, skrini na chaja kila siku? Kinachomkosesha usingizi ni vitenzi, tena vile vya maneno mawili mawili, "turn on", "plug in", "set up", "back up", "run out", "log out". Sisi tunabadilisha mkia wa kitenzi, washa, washia, washiwa, washika, wenzetu wanakiacha kitenzi kilivyo wanakiwekea kineno kidogo nyuma na maana inahama kabisa. Alafu kuna hili la kuchanganya, unaweza kusema "turn off the phone" na pia "turn the phone off", lakini ukishaweka "it" lazima ikae katikati, "turn it off", ukisema "turn off it" umeharibu. Mwanafunzi akilijua hili kwenye simu analijua kwenye kila kitu kingine, taa, redio, jiko, gari.

Kuna makosa ambayo yanatokana na Kiswahili chetu wenyewe na mada hii inayafichua haraka. Mtu anasema "open the phone" akimaanisha aiwashe, kwa sababu kwetu unaweza kufungua redio na kufungua simu na ukaeleweka. Anasema "the charge is finished" wakati wenyewe watasema "my battery has run out" au "my battery is dead". Na kubwa kuliko yote ni ile -me- yetu. Sisi tunasema nimeinunua jana na hakuna anayeshtuka, kwa hiyo mwanafunzi anatafsiri moja kwa moja "I have bought it yesterday", na hapo Kiingereza kinakataa, ukitaja jana inabidi useme "I bought it yesterday". Bila kutaja siku ndo unaweza kusema "I have bought a new phone". Nimeona vitabu vinaeleza jambo hili kurasa nzima na watu hawaelewi, lakini mwambie mtu akusimulie historia ya simu zake tangu ile ya kwanza mpaka aliyonayo sasa, lini alinunua, ipi ilipotea, hii ya sasa amekaa nayo muda gani, utaona tofauti inaingia yenyewe bila kelele nyingi.

Kitu kingine ambacho walimu wenzangu naona wanakipita bila kukigusa ni kwamba skrini yenyewe ni kitabu cha sarufi ya ngazi ya kati. Angalia ujumbe unaokuja kila mara, "Your password has been changed", hiyo ni kauli ya kutendwa imekutana na "has been", somo ambalo linatisha watu darasani na kumbe wanalisoma mara kibao kwenye simu zao. "An error has occurred." "This may take a few minutes", hapo kuna "may" ya uwezekano, mashine yenyewe haina uhakika. "If you delete this file, you won't be able to recover it", hiyo ni sentensi ya "if" kamili kabisa. Mtu anabonyeza tu OK bila kusoma kwa sababu hajui kwamba pale kuna somo, na saa ingine anabonyeza kufuta vitu vyake vya muhimu kwa kutoelewa. Kwa hiyo hapa kusoma Kiingereza na kujilinda vinaenda pamoja, maana hata meseji za matapeli zinakuja kwa mtindo huohuo wa kutishia, akaunti yako itafungwa usipobonyeza hapa, na mtu anayeelewa anachosoma anakuwa na nafasi ya kusita kidogo.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la watu wawili kukaa wamepeana migongo. Mmoja simu yake imeharibika, mwingine ndo fundi, na hawaruhusiwi kuonyeshana kwa kidole. Fundi aulize, "When did it start?", "Does it happen when you open the camera?", "Have you tried charging it with another cable?" Mwenye simu ajibu kwa maneno tu. Hapo ndo wanagundua tofauti ya "try charging", yaani jaribu uone kama itasaidia, na "I tried to charge it", yaani nilijitahidi kuichaji, na mara nyingi anayesema hivo anamaanisha haikuwezekana. Wakimaliza wabadilishane. Mimi naona dakika chache za zoezi hili zina faida kuliko orodha ndefu ya msamiati, kwa sababu mtu ana kitu cha kweli cha kueleza na mwenzake kweli hakioni.

Kwenye "used to", yaani kusimulia mambo yaliyokuwa yanafanyika zamani, nako mada hii ni tamu sana na hapa wazee ndo wanang'ara. Meseji ya kwanza ya simu ilitumwa mwaka 1992 na injinia Mwingereza Neil Papworth, aliiandika kwenye kompyuta ikaenda kwenye simu, na ilisema "Merry Christmas" tu. Simu ya kwanza ya mkononi ilipigwa mwaka 1973 na Martin Cooper huko New York. Ukianza na hayo wazee wanachukua usukani, wanaeleza watu walikuwa wanaandika barua, walikuwa wanasubiri majibu wiki nzima, na vijana ambao siku zote wanajifanya wanajua teknolojia wanakaa kimya wanasikiliza. Ndo maana naomba madarasa yasitenganishe vijana na wazee, kijana amweleze mzee namna ya kuweka apu, mzee amweleze kijana maisha yalikuwaje, wote kwa Kiingereza.

Kuhusu apu za kutafsiri, sizipingi, kwa neno moja gumu zinasaidia sana. Lakini mtu wa katikati akiandika kila sentensi kwa Kiswahili na kuiachia mashine igeuze, kazi yote imefanywa na mashine na yeye atabaki palepale alipo. Ni bora atumie ile sehemu ya kuandika kwa sauti, aiweke Kiingereza, aongee aone imeandika nini. Saa ingine itakosea kwa sababu haijazoea lafudhi yake na asikate tamaa kwa hilo, ila akiona sentensi nzima imetoka sawa ajue hata binadamu atamwelewa.

Sasa ombi langu kwenu ndugu mhariri. Tunaomba safu fupi mara moja kwa wiki kwa ajili ya watu hawa wa katikati. Chukueni ujumbe mmoja tu wa kwenye simu au kompyuta, uchapisheni kama ulivyo kwa Kiingereza, muueleze kwa Kiswahili cha kawaida kwa nini umeandikwa hivo, alafu wekeni maswali mawili matatu ambayo msomaji atayajibu kwa mdomo akiwa na mwenzake. Msiweke orodha ya maneno na tafsiri zake pembeni, hizo zimejaa kila mahali. Na majibu tafadhali yatoke toleo linalofuata, yasikae chini ya ukurasa uleule, maana yakiwepo pale watu watayasoma kabla hawajajaribu.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwalimu wa Kiingereza wa watu wazima