Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Maji ya Msimbazi Yanaanzia Uani Kwetu

Ndugu wanachama,

Ahsanteni kwa kufika. Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina, na usafi wa Jumamosi mliuona wenyewe. Mimi naanza na jambo linaloniuma: ule mtaro wetu.

Tulichangishana, tukaujenga kwa mawe na saruji kutoka juu ya mtaa hadi mtoni. Matope milangoni mwetu yakaisha, tukafurahi. Masika yalipoingia, maji yale yale yakashuka kwa kasi na kuangukia ukingo wa chini. Asubuhi mvua ilipokatika nilikwenda kutazama. Mwembe wa jirani yetu ulikuwa na mizizi nje, inaning'inia juu ya mto, na nusu ya choo chake imekwenda na maji. Alininyooshea kidole tu, hakusema neno. Tuliyaondoa maji kwetu tukampelekea yeye. Kwa niaba ya kamati, namwomba radhi mbele yenu.

Na Msimbazi mzima unafanyiwa hivyo hivyo. Mto huu unaanzia vilima vya Pugu, unakatiza jiji hadi baharini penye Daraja la Salenda. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4.3 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022, zaidi ya milioni 5.3. Wengi wetu tulipata viwanja huku juu, Kinyerezi, Segerea na kwingineko. Tukafyeka, tukaezeka bati, tukasakafia uwanja. Ardhi iliyokuwa ikinywa mvua tumeifunika. Mvua ya milimita 50 juu ya bati la mita za mraba 100 inatoa lita 5,000, yaani simtanki kubwa tele, kwa nyumba moja tu. Zamani maji hayo yalichelewa njiani. Leo yanafika yote kwa pamoja, yanakata kingo na kubeba mchanga, kisha yanaumwaga kwenye tambarare ya bonde la Jangwani, huko chini jijini. Kina cha mto kinapungua, na mvua inayofuata inakosa pa kupita.

Mafuriko ya Desemba 2011 yalitufanya tuzike watu, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande, nje kidogo ya jiji. Lawama ziliwaangukia wa bondeni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, kama ujenzi, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, nami naiunga mkono kwa dhati. Lakini sijasikia mwenye nyumba wa huku juu akiulizwa maji ya bati lake yanakwenda wapi.

Kwa hiyo kamati inaomba ridhaa yenu: mwaka ujao tusijenge mtaro mwingine hata mmoja. Michango isaidie nyumba za juu kukinga maji ya bati na kuchimba mashimo ya mawe na kokoto ya kuyanywesha ardhini, na tupande mianzi pale ukingo ulipokatika, tukianzia kwa jirani yetu. Shimo la kwanza nimekwisha kulichimba nyumbani kwangu, kwa fedha yangu. Tukitoka hapa, karibuni mlione.