F ya mwaka huu ni sawa na ile ya kwanza?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 26, naishi Kimara. Asubuhi nauza chai na vitumbua karibu na kituo cha mwendokasi. Majibu unayowapa wenzangu nayasoma siku nyingi, leo na mimi nimekuja na langu.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016. Biolojia niliambulia D, Kemia F, Fizikia F. Nikakaa na maisha yangu mpaka siku nilipojifungua, muuguzi wa zamu ya usiku akakaa na mimi hadi kukapambazuka. Tangu siku hiyo nataka uuguzi, sitaki kingine. Nilipokwenda kuulizia chuo nikaambiwa kwanza nifaulu masomo yote matatu ya sayansi, walau kwa D. Basi nikaamua kurisiti. Mwaka 2022 Kemia ikatoka D, nililia jikoni kwa furaha. Fizikia F. Mwaka 2023, Fizikia F. Nikarudia tena 2024, na matokeo ya Januari hii yanasema F.

Kinachoniumiza si kufeli peke yake, Shangazi. Matokeo hutoka kwa herufi. D inaanzia alama 30. Kuanzia 29 kushuka hadi sifuri, yote ni F. Inawezekana mwaka 2022 nilipata 8 na safari hii nikapata 28. Inawezekana pia nilipata 8 mara zote tatu. Mwenye 2 na mwenye 29 wanaitazama herufi ileile, na mimi sijui niko wapi kati yao.

Kwenye vitumbua sikupata shida hii. Usiku naloweka mchele, alfajiri unga ukigoma kuumuka naujua ugonjwa wake: hamira ilikuwa ya zamani, au nilimimina tui la moto likaiua. Kesho yake narekebisha. Vya siku za mwanzo vilikuwa vizito mpaka nikavila mwenyewe nyumbani, lakini kila siku nilikuwa naona mabadiliko, na wiki ya tatu wateja walianza kurudi. Mimi nimezoea kujifunza namna hiyo, nikosee, nione, nirekebishe. Fizikia inanijibu mara moja kwa mwaka.

Na sijakaa bure. Siku tatu kwa wiki nakwenda tuisheni ya jioni. Jumamosi nikimaliza biashara napanda basi, nashuka kituo cha DIT, naingia Maktaba Kuu pale Mtaa wa Bibi Titi Mohamed na kukaa mpaka wanafunga. Mwaka 2022 swali lenyewe lilinishinda kulisoma, maana mtihani ni wa Kiingereza na Kiingereza changu kilikuwa cha kubabaisha. Nilikuwa nachukua namba zilizomo kwenye swali nazizidisha tu. Siku hizi swali nalielewa kabla sijashika kalamu. Lenzi bado zinanichanganya, sikufichi, lakini umeme naujua.

Nikupe mfano. Mwaka jana mwezi wa tisa kijana wa jirani, yuko kidato cha tatu, alikuja na swali la vikinzani viwili, yaani vifaa vya kubana umeme usipite kwa urahisi, kimoja cha ohm 6 na kingine cha ohm 3, vimeunganishwa sambamba. Yeye alijumlisha akapata 9. Nikamwambia, pale kituoni wakifungua mlango mmoja watu wanajazana, wakifungua na wa pili wanapita kwa urahisi. Umeme umepata njia mbili, kwa hiyo ukinzani wa jumla lazima uwe chini hata ya hiyo 3. Akakokotoa upya, akapata 2. Akacheka, akasema mwalimu wao hakuwahi kuwaeleza hivyo. Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha. Nilijua safari hii napita.

Ikaja F.

Tangu matokeo yatoke, daftari liko juu ya kabati. Nalishusha, nasoma mstari mmoja mara tatu, nalirudisha. Si uvivu. Saa tisa ya usiku niko macho naandaa biashara kila siku ya Mungu, kazi siiogopi. Ni kama mtu anayesukuma ukuta gizani, hajui kama umesogea.

Dada yangu mkubwa ameniambia wazi nikazifanyie biashara hela za ada, ninunue jiko la pili. Ana hoja, wala simkasirikii. Mume wangu hasemi kitu. Alinilipia mara mbili bila kunung'unika, na sasa kimya chake kinanitia unyonge kuliko maneno ya dada. Juzi mwanangu, ana miaka mitano, aliniuliza, "Mama, wewe uko darasa la ngapi?" Nilimwambia amalize uji.

Mwalimu wa tuisheni ananiambia niko karibu. Tatizo ni kwamba mwaka jana pia aliniambia hivyohivyo.

Kuna jambo nimelifikiria na sijamwambia mtu. Nimwombe mwalimu anipe mtihani kamili wa miaka iliyopita, niufanye kwa muda wake, kisha ausahihishe kwa alama, si kwa maneno ya kunitia moyo. Nirudie kila mwezi, niandike tarehe na alama nyuma ya daftari. Hapo nitajua kama nasogea. Lakini, Shangazi, naogopa. Nikikuta 26 nitasoma mpaka usiku wa manane. Nikikuta 11 je? Miaka mitatu nimeishi kwa kutokujua, na huko kutokujua ndiko kulikonipa nguvu ya kujisajili kila mara.

Hela ya ada ya mtihani ipo, iko kwenye kopo la maziwa, sijaigusa, na usajili haujafungwa. Nikafanye kwanza huo mtihani wa mwalimu ndipo niamue, au nijisajili kwanza ili alama yoyote nitakayoiona isinirudishe nyuma? Na kama ungekuwa wewe, ni alama ngapi ingekutosha kusema niendelee?

Mama Nasri,
Kimara, Dar es Salaam