Antony asiyesema

Kurasini, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi, na shikamoo zangu zimfikie Mama. Hapa hatujambo, tatizo ni umeme tu: umekatika mara mbili tangu nishike kalamu, na sasa naandika kwa mwanga wa simu. Ukiona mwandiko unapanda kilima, ujue ndiyo sababu.

Uliniuliza kama ile "picha ya Kihindi ya Kaizari" ipo kweli au nilikuwa nakupiga fiksi. Ipo. Ila si ya Kihindi, ni sinema ya Kibengali, na Wabengali hawapendi uwachanganye na wengine, kama wewe usivyopenda kuitwa mtu wa Bukoba. Inaitwa Zulfiqar. Ilitoka Oktoba 2016, msimu wa Durga Puja, sikukuu kubwa ya Wahindu wa Bengal, ambao mjini Kolkata, India, ndio msimu wa nguo mpya, wageni, na kujaza majumba ya sinema. Mwongozaji ni Srijit Mukherji. Alichukua tamthilia mbili za Shakespeare, ile ya Julius Caesar tunayoijua mimi na wewe na ile ya Antony na Cleopatra, akaziunga zikawa hadithi moja, akaipeleka bandarini Kolkata, Khidirpur na Garden Reach. Roma imekuwa genge la majambazi wanaotawala gati. Kaizari ni Zulfiqar Ahmed, ameigizwa na Prosenjit Chatterjee, ambaye kwa Wabengali ni stelingi wa miaka nenda rudi. Brutus, rafiki anayeingia kwenye njama ya kumuua, ni Basheer Khan, Cassius, anayemshawishi, ni Kashinath Kundu, na malkia Cleopatra ni Rani Talapatra. Sasa fikiria watu wa kibanda umiza cha kwetu, waliozoea kwamba stelingi hafi, wamwone wa kwao anachinjwa na rafiki zake na picha bado inaendelea!

Niliiangalia kwa bahati. Kazini kulikuja fundi wa kreni kutoka Kolkata, akakaa nasi miezi mitatu. Mtu wa makamo, mpole, mraibu wa chai kuliko Mpemba. Siku moja mvua ilisimamisha kazi, tukajibanza kwenye kontena linalotumika kama ofisi, nikamwambia kwamba shuleni tuliigiza Juliasi Kaizari kwa Kiswahili, na kwamba aliyeitafsiri alikuwa Rais wa nchi. Hakuamini. Nikamwonyesha kwenye simu: Mwalimu Nyerere, chapa ya kwanza 1963, akairudia na kuisahihisha 1969, mwaka uleule aliotoa Mabepari wa Venisi, tamthilia nyingine ya Shakespeare. Akacheka sana kwenye neno "bepari". Kumbe kwao bepari ni mfanyabiashara tu, hata anayeswaga ng'ombe kwenda mnadani ni bepari, hakuna tusi ndani yake. Sisi tuliletewa neno hilohilo na bahari, halafu siasa ikalitia ndevu na tumbo kubwa. Kesho yake akaja na kompyuta, akasema na mimi nikuonyeshe Kaizari wetu.

Tuliimaliza kwa siku mbili, saa za chakula cha mchana. Yeye alikuwa ananitafsiria pale maandishi ya chini yalipopita haraka, na kila dakika kumi anasimamisha ili alalamike. "Sikiliza wanavyoongea," anasema. "Khidirpur nusu ya watu wanaongea Kiurdu, wengine Kihindi cha Bihar. Hawa wanaongea kama wahadhiri." Pale Kashinath anapomtia Basheer maneno sikioni, alinyamaza, kikombe kimesimama njiani, mpaka chai ikatengeneza utando.

Baada ya hapo nikaanza kusaka walichosema wahakiki wa kwao. Mengine niliyasoma mwenyewe kwa Kiingereza, ya Kibengali akanisomea yeye. Ukiyajumlisha, sifa na lawama zilikwenda mkono kwa mkono. Karibu wote walikubali nusu ya kwanza: njama, wasiwasi wa Brutus, mauaji. Kaushik Sen aliyemwigiza Basheer alisifiwa, na haishangazi, maana ni mtu wa jukwaa, ana kundi lake la tamthilia, Swapnasandhani. Jisshu Sengupta kama Kashinath naye alisifiwa. Muziki wa Anupam Roy ulipendwa hata na waliochukia vingine.

Lawama zilianzia kwenye nusu ya pili. Zulfiqar akishakufa, picha inabidi ianze upya kumtafutia Rani nafasi, kumkuza Akhtar, ambaye ndiye Octavius, mrithi wa Kaizari, na kumaliza vita vya watu ambao hujapata muda wa kuwajua. Wakasema mastaa ni wengi mno, kila mmoja lazima apewe tukio lake la kuingia kwa mwendo wa polepole na upepo wa feni. Wakasema wanawake wamewekwa kama mapambo ya mlangoni. Na walipoiweka karibu na kazi za Vishal Bhardwaj, aliyempeleka Macbeth kwenye ujambazi wa Mumbai katika Maqbool na Hamlet kule Kashmir katika Haider, waliona kwamba Bhardwaj kwanza aliijua mitaa kisha akamkaribisha Shakespeare, na Mukherji alifanya kinyume.

Hilo la mitaa lilikuwa limeshawasha moto hata kabla ya picha kutoka. Trela ilipoanza kuzunguka, watu wa upande ule wa mji walilalamika kwamba wamechorwa kama kabila la wahalifu, na eneo lao kama nchi nyingine ndani ya nchi. Waislamu ndio wengi pale. Watengenezaji wakarudi nyuma, wakaondoa maneno yaliyokera. Mimi nilikuwa upande wa walalamikaji kabla hata fundi hajamaliza kunieleza. Wewe unajua nimekulia hapa karibu na bandari, na kila ninapotaja Kurasini kwa mgeni lazima aukumbatie mkoba wake. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba Metiabruz, jirani ya gati zile, ndiko Waingereza walikomhamishia mfalme wa mwisho wa Awadh, ufalme wa kaskazini mwa India, Wajid Ali Shah, baada ya kumnyang'anya nchi yake mwaka 1856. Akaja na waimbaji wake, wapishi wake, mafundi wake wa nguo, wanyama wake, akakaa mpaka kufa 1887. Mpaka leo mafundi cherehani wa Metiabruz wanavalisha nusu ya masoko ya Bengal. Mtaa wenye mfalme aliyefukuzwa ndani yake, halafu unautumia kwa bastola tu? Ningekuwa mhakiki hapo ndipo ningekaa, ningewaachia wengine mambo ya feni.

Lakini ukitaka kujua kwa nini walikuwa wakali, angalia kalenda. Shakespeare alikuwa ametimiza miaka 400 tangu afe, na Wabengali walikuwa wamemtumia hadi kumchosha. Desemba 2015 Aparna Sen alitoa Arshinagar, yaani Romeo na Juliet, ambamo watu wanazungumza kwa vina. Agosti 2016 Anjan Dutt akatoa Hemanta, ambayo ni Hamlet. Miezi miwili baadaye ndiyo hii. Tena sura zilezile: Dev, Romeo wa Desemba, yumo humu, Parambrata Chatterjee, Hamlet wa Agosti, naye yumo, na Jisshu alikuwemo kwenye hiyo ya Agosti pia. Mtu ukila pilau siku tatu mfululizo, ya tatu utaona chumvi hata kama haipo. Na hawa si watu wa kudanganywa kwa Shakespeare. Utpal Dutt alimzungusha Macbeth kwa Kibengali mpaka vijijini tangu miaka ya hamsini. Miaka mitano baada ya Zulfiqar, mwigizaji Anirban Bhattacharya alitengeneza mfululizo uitwao Mandaar, Macbeth tena, safari hii kwenye kijiji cha wavuvi chenye harufu ya samaki na tope, na wahakiki walewale wakaupokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo usiseme hawapendi majambazi wenye mashairi. Wanataka tope liwe tope.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie wewe, si mtu mwingine.

Mukherji alimgawa Antony vipande viwili. Kipande kimoja ni Tony Braganza, anayeigizwa na Parambrata. Kingine ni Marcus Ali, anayeigizwa na Dev, na Marcus ni bubu. Ulimi kapewa mmoja, ngumi kapewa mwingine. Yaani staa mkubwa kuliko wote wa vijana wa Bengal, mbunge wakati ule, mtu ambaye watu wanalipa kiingilio kusikia anavyotamba, amefungwa mdomo mwanzo mpaka mwisho. Na anamwigiza nani? Antony! Rafiki wa Kaizari anayewachochea watu kwa hotuba mazishini, mtu ambaye katika tamthilia nzima kazi yake ni kusema.

Wahakiki waligawanyika hapa. Wapo waliosema ni ujasiri, na kwamba Dev hajawahi kuigiza vizuri kama alipozuiwa kuongea. Wenye kejeli wakasema mwongozaji ni mjanja tu, maana Dev alikulia Mumbai na matamshi yake ya Kibengali yamekuwa mzaha wa miaka mingi. Fundi wa kreni alikuwa kundi la kejeli. Alicheka mpaka akakohoa. Na wapo waliosema ni hasara: ukimnyamazisha Antony umeibomoa nguzo inayobeba nyumba.

Mimi nilikuwa nacheka na fundi, halafu sikucheka tena. Kwa sababu nilikuona wewe.

Kidato cha tatu, bwalo la chakula, meza nne zimeunganishwa kuwa jukwaa. Mimi nilikuwa Casca, mchomaji wa kwanza, na kisu changu kilikuwa rula iliyozungushiwa karatasi ya sigara. Maiti ya Kaizari imelala kwenye benchi imefunikwa shuka la bweni, na juu ya shuka ni juisi ya rozela ambayo tulikuwa tumeiongezea sukari kwa tamaa, tukitumaini kuinywa inayobaki. Siafu walikuwa wameshaipata harufu. Bruto wetu amemaliza kujitetea, wanafunzi wanapiga makofi, wewe, Antony wetu, unapanda na shuka la bluu begani. Ukasimama. Ukafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

Nilikuwa nyuma ya pazia na mwalimu wa Kiswahili, anakunong'oneza mstari wa kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, jasho linamtoka. Wewe hukugeuka. Ulipiga goti, ukalishika lile shuka, na rozela ikakuingia kwenye vidole, na siafu mmoja nilimwona mimi kwa macho yangu anapanda kifundo cha mkono wako wala hukumtoa. Bwalo zima kimya. Nasikia mpaka sufuria jikoni. Halafu msichana mmoja wa kidato cha pili akaanza kulia, na wa pembeni yake, na Kaizari mwenyewe, maiti, kifua kikaanza kupanda na kushuka. Ndipo ukasema, kwa sauti ndogo kabisa, na ulipofika kwenye wosia wa Kaizari watoto walikuwa wameshasimama juu ya viti wanataka kuchoma jiko.

Kwa hiyo mimi siwaungi mkono waliosema ni hasara, wala wale wa kejeli. Picha ina makosa yote waliyoyataja, nusu ya pili nilisinzia, Rani yule hawezi kumpotezea mtu hata daladala sembuse dola. Lakini Marcus akiwa amesimama mbele ya kifo na hana neno, wahakiki wakajadili matamshi ya Dev, naona walikuwa wameangalia stelingi na hawakumwangalia Antony. Ingawa nakiri kwamba wao hawakuwahi kuwa Casca kwenye bwalo lenye siafu.

Fundi alirudi kwao mwezi uliopita. Nilimpa nakala ya Juliasi Kaizari, ile yenye jalada lililochanika, aisome hata kama haielewi. Ameniandikia kwamba mkewe anaisoma kwa sauti jikoni kwa sababu anapenda inavyolia, hajui hata neno moja.

Usijibu kwa ujumbe wa simu, andika. Nieleze na jambo hili ambalo miaka yote tumelifanyia mzaha sikukuuliza kwa dhati: siku ile ulisahau kweli, au ulikuwa umekusudia?

Wako,
Zuberi