Volt nayo itajwe, mhariri

Mhariri salaam. Kuna kitu kinanikera sana, kila mkigusa soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, ya mji wa Memphis mnaandika mwimbaji Otis Redding msanii wa kampuni ya rekodi ya Stax halafu mnapita, Volt, lebo tanzu ya Stax, haitajwi hata kidogo. Sasa jamani hebu chukueni santuri yenyewe muangalie ile karatasi ya katikati, hiti zake zile zimeandikwa Volt.

Hii lebo tanzu ilianza 1961, mwaka uleule Jim Stewart na dada yake Estelle Axton walipoacha kutumia jina la Satellite wakaanza kuitwa Stax. Na haikuanzishwa kwa mbwembwe. Marekani kashfa ya madijei kuhongwa ili wapige nyimbo ilikuwa imelipuka 1959, kwa hiyo dijei akipiga mfululizo nyimbo za lebo moja watu wanaanza kumuangalia vibaya, basi ukiwa na lebo ya pili, studio ileile na bendi ileile, unapata nafasi nyingine redioni. Kampuni ya Motown walifanya hivohivo na lebo zao za Tamla na Gordy.

Otis mwenyewe 1962 alifika studio ya Stax pale McLemore Avenue kama dereva wa mpiga gitaa Johnny Jenkins, rekodi ya Jenkins haikunoga, muda wa studio ukabaki kidogo ndo akapewa nafasi aimbe, mpiga gitaa wa studio Steve Cropper akaweka gitaa pembeni akakaa kwenye piano. Balladi aliyoimba siku hiyo ikatoka Volt na ndo ikamfungulia njia.

Halafu mnasahau bendi ya Bar-Kays, nao ni Volt. Vijana wadogo kabisa, ndo wametoka kupata hiti 1967, tarehe 10 Desemba wakaanguka na ndege pamoja na Otis kwenye ziwa Monona kule Wisconsin. Wanne wa bendi wakafa, akapona Ben Cauley peke yake kati ya waliokuwemo, na mwenzao James Alexander alinusurika kwa sababu alipanda ndege nyingine. Otis alikuwa na miaka 26 tu. Januari 1968 Volt wakatoa wimbo aliorekodi siku chache kabla ya ajali, ukaenda namba moja kwenye Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya jarida la Billboard kule Marekani, na hakuna marehemu aliyewahi kushika namba hiyo kabla yake.

Sasa hapa ndo panaponiuma zaidi. Mkataba wa 1965 na kampuni ya Atlantic, waliokuwa wanasambaza kazi za Stax, Stewart aliusaini bila kuusoma vizuri, mle ndani kumbe masta, yani rekodi zile za asili, zinakuwa mali ya Atlantic. Atlantic ikauzwa kwa Warner, 1968 Stax wanataka kuondoka ndo wanaambiwa kazi za Otis sio zenu, na karibu kila kitu kilichopita kwenye huo usambazaji kikaondoka hivohivo, yani jasho la miaka yote ile! Hata hivyo Volt haikufa, vikundi vya The Dramatics na The Emotions walitamba nayo miaka ya 70 mwanzoni mpaka Stax yenyewe ilipofilisika 1975.

Naomba basi mkiandika tena muweke jina la lebo pembeni ya kila wimbo, na mtuletee pia habari ya Enterprise, tanzu nyingine ya Stax, maana mwimbaji Isaac Hayes 1969 alitoa pale albamu ya nyimbo nne tu, mmoja una dakika zaidi ya 18, na ikauza kwelikweli.

Msomaji wenu wa siku nyingi